Majina ya Visiwa vya Earthsea: Je, Kila Jina Lazima Liwe na Maana?

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kutolipita jina bila ya kulichungulia ndani. Akikutana na Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) hulikata jina hilo vipande: kiambishi ku-, shina sadiki, kauli ya kutendeka, basi hiyo ni nchi inayoweza kusadikiwa ijapokuwa haipo. Akifika kwenye Kufikirika hurudia kazi ile ile. Akiisoma Walenisi ya Katama Mkangi (1995) hugundua kwamba jina la nchi ni sentensi nzima iliyounganishwa: wale ni sisi. Wahusika nao hawabaki nyuma. Majivuno ana majivuno na Karama ana karama. Mbinu hii ya kuchambua majina ni nzuri, na sisi walimu tunaitahini karibu kila mwaka.

Tatizo huanza pale ufunguo wa mlango mmoja unapofanywa ufunguo wa nyumba zote. Mwanafunzi aliyezoea Kusadikika akipewa riwaya nyingine yoyote hutafuta maana ndani ya kila jina, na asipoiona huibuni. Makala haya yanalijadili jambo hilo kwa kutumia visiwa vya kubuni vya Earthsea, vilivyoandikwa na Ursula K. Le Guin (1929–2018) wa Marekani. Nimevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hadithi zake zote zimejengwa juu ya suala la majina. Pili, ndani ya hadithi hizo mna somo ambalo, kwa maoni yangu, linapingana waziwazi na mazoea yetu ya uhakiki.

Ramani na visiwa vyake

Kwa msomaji ambaye hajavifikia vitabu hivi, tuanze na jiografia. Earthsea ni dunia ya visiwa, vikubwa kwa vidogo, isiyo na bara hata moja. Katikati pana Bahari ya Ndani, na ndani yake kipo kisiwa kikubwa cha Havnor chenye bandari kuu ya wafalme wa zamani. Kusini ya Havnor kipo kisiwa kidogo cha Roke penye chuo cha waganga. Kaskazini-mashariki kipo Gont, kisiwa ambacho kwa hakika ni mlima mmoja uliosimama baharini, na huko ndiko alikozaliwa Ged, mhusika mkuu. Mbele ya Gont vipo visiwa vinne vya Wakarg: Karego-At, Atuan, Hur-at-Hur na Atnini. Pembezoni, katika pande zote nne, vimetawanyika visiwa vya mbali. Selidor ni cha mwisho upande wa magharibi, na Astowell ni cha mwisho upande wa mashariki. Baada ya Astowell ni maji matupu.

Visiwa hivi vilianza kuonekana katika hadithi fupi mbili za mwaka 1964. Kisha ikaja A Wizard of Earthsea (1968), The Tombs of Atuan (1971) na The Farthest Shore (1972). Baada ya kimya cha miaka kumi na minane ikatoka Tehanu (1990), na mwaka 2001 vikatoka vitabu viwili, Tales from Earthsea na The Other Wind.

Majina hayo yalitoka wapi? Mwandishi mwenyewe alilijibu swali hili katika insha yake ya mwaka 1973. Alianza kwa kuchora ramani, na majina aliyapata kwa kuyasikiliza, wala si kwa kuyaunda kutokana na maneno yenye maana. Visiwa vitatu vidogo alivipa majina ambayo watoto wake waliitwa walipokuwa wadogo. Mengine mengi, kwa maelezo yake, hayana maana yoyote mahususi. Kwa hiyo mhakiki anayedai kwamba Roke ni neno la Kiingereza la mwamba lililopotoshwa kidogo, au kwamba Gont ni neno la Kiingereza la ukondefu, anajitungia asili ambayo haipo.

Hapa pana hatari ya kuridhika haraka. Mtu anaweza kusema: basi, majina hayana maana, mjadala umekwisha. La hasha. Jina lisilo na maana ya kikamusi linaweza kuwa na kazi kubwa. Tazama tena visiwa vinne vya Wakarg. Sauti "at" imo katika majina yote manne. Hakuna mahali tunapofasiriwa sauti hiyo, lakini sikio linatambua kwamba tumeingia katika eneo la lugha nyingine, yenye taratibu zake. Ndivyo hasa msafiri anavyotambua mpaka wa lugha kabla ya kuijua hata salamu. Mtu wa kwetu akivuka Ziwa Victoria kutoka Bugala, Bukasa na Bufumira za Ssese hadi Ukerewe na Ukara, husikia Bu- ikigeuka kuwa U-, na hujua amefika kwa watu wengine hata kama hajui maana ya jina hata moja.

Mnara wa majina

Kiini cha hoja yangu kimo katika sura za A Wizard of Earthsea zinazosimulia masomo ya Ged chuoni Roke. Katika dunia hii uganga ni ujuzi wa majina. Kila kitu kina jina lake la kweli katika Lugha ya Kale, ile ambayo Segoy aliitumia kuviinua visiwa kutoka baharini hapo mwanzo. Mwenye kulijua jina la kitu ana uwezo juu ya kitu hicho. Kwa sababu hiyo watu huficha majina yao ya kweli na kutumia majina ya kuitwa tu. Ged mbele za watu huitwa kwa jina la ndege, Kipanga, na ni marafiki wachache mno wanaolijua jina Ged.

Wanafunzi hupelekwa kwenye mnara ulio peke yake katika rasi ya kaskazini ya Roke, kwa mwalimu wa majina aitwaye Kurremkarmerruk. Hakuna maajabu huko. Kuna orodha tu. Mwanafunzi hupewa karatasi ya majina ayahifadhi kabla ya usiku wa manane, kwa kuwa saa hiyo wino hufutika. Na mfano wa orodha anaoutoa mwandishi ni wa jiografia: majina ya kila rasi, ghuba, mlango wa bahari, bandari, kina kifupi, mwamba na jiwe la pwani ya Lossow, kisiwa kidogo kisichokuwa na umaarufu wowote.

Kwa nini mwandishi akachagua Lossow na si Havnor yenye minara na wafalme? Kwa sababu anataka tuelewe kuwa dunia haimilikiwi kwa jumla. Mwalimu huyo anaeleza kwamba neno la Lugha ya Kale la bahari ni inien, lakini mganga anayetaka kuituliza bahari yote kwa neno hilo moja anajidanganya. Angelazimika kuita kila kipande cha maji kwa jina lake, katika visiwa vyote na kupita visiwa vyote, mpaka kule ambako majina yenyewe hukoma. Ndiyo maana uganga una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoihifadhi mizani ya dunia. Kwa maneno mengine, wingi wa majina ya mahali ni kinga dhidi ya mtu anayetaka kutawala kila kitu. Mtawala hupenda jina moja kubwa, ilhali mvuvi ana majina mia ya miamba.

Povu lina majina mawili

Katika sura hizo hizo umo mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wetu auandike ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Katika Hardic, lugha ya kila siku ya visiwani, povu la bahari huitwa sukien. Asili ya neno hilo inajulikana kabisa: suk ni unyoya, inien ni bahari. Povu ni unyoya wa bahari. Ni neno zuri, na uchanganuzi wake wa kimofolojia hauna dosari. Mwanafunzi yeyote angepata alama zote.

Lakini neno hilo halina nguvu. Huwezi kuliamrisha povu kwa kuliita sukien. Jina lake la kweli ni essa, na essa haichanganuliki. Haina suk wala inien ndani yake. Ni povu lenyewe.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Mwandishi ametupa maneno mawili, moja lenye asili iliyo wazi na moja lisilo na asili inayoonekana, kisha akasema kuwa lile lenye asili wazi ni maelezo tu ya mtu aliyetazama kwa mbali akakumbuka unyoya. Asili ya neno inatuambia aliyetaja aliona nini. Haituambii kitu chenyewe ni nini.

Ukweli huu tunaujua vizuri kutokana na ramani zetu wenyewe. Asili ya jina Ziwa Victoria haina utata hata kidogo: John Hanning Speke alilifikia mwaka 1858 akaliita kwa jina la malkia wake. Tunamjua aliyelitoa, tunaujua mwaka, tunaijua sababu. Na baada ya kuyajua yote hayo, hatujajua lolote kuhusu maji yale. Nalubaale, jina la Waganda, lina lubaale ndani yake, na linatupeleka kwenye imani za watu waliokaa kando ya ziwa hilo kwa vizazi. Vivyo hivyo jina Zanzibar, ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa ni pwani ya Zanj, ni jina la mabaharia waliokuwa wakija. Wenyeji wana Unguja yao, na hakuna mtoto wa Unguja anayengoja wataalamu wakubaliane juu ya asili ya neno hilo ndipo ajue njia ya kwao.

Asiye na jina

Upande wa pili wa somo hili umo katika The Tombs of Atuan. Msichana aitwaye Tenar anachukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo, anafanywa kuhani wa makaburi, na jina lake linaondolewa. Sasa anaitwa Arha, yaani aliyeliwa. Tazama jinsi jina lenye maana iliyo wazi kabisa linavyotumika hapa kuwa gereza. Jina Tenar hatuelezwi maana yake popote, lakini siku anaporudishiwa jina hilo ndipo anaporudi kuwa mtu. Mhakiki atakayeishia kwenye maana ya Arha atakuwa amesoma nusu ya kitabu, tena ile nusu ya wafunga watu.

Si vigumu kuona kwamba mwandishi alikulia karibu na masuala haya. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia wa California. Mwaka 1911 alijitokeza huko mtu wa mwisho wa Wayahi, ambaye hakulitaja jina lake kwa wageni mpaka alipofariki mwaka 1916. Jina Ishi analojulikana kwalo lina maana ya mtu tu, na alipewa na Kroeber. Mama yake Le Guin, Theodora Kroeber, aliandika maisha ya Ishi katika kitabu cha mwaka 1961. Mhakiki asivute mstari mnyoofu kutoka kwa Ishi hadi kwa Ged, lakini pia asijifanye haoni.

Kwetu Uganda jambo hili si geni. Wanyoro na Watooro wana empaako, majina ya heshima na mapenzi ambayo mtu huitwa badala ya jina lake. Mwaka 2013 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Empaako hayafanani kabisa na majina ya Earthsea, kwani hayafichi kitu kwa hofu. Lakini yanathibitisha kwamba kuitwa na kutajwa ni mambo mawili tofauti.

Kasoro

Kazi hii haikosi upungufu. Kwanza, mwandishi amechanganya majina ya sauti tupu na majina ya Kiingereza cha wazi. Kisiwani Gont kuna Re Albi, ambayo tunaambiwa ni kiota cha kozi, lakini pia kuna Ten Alders, kijiji alichozaliwa Ged. Kwa msomaji wa Kiingereza mchanganyiko huu haukwaruzi, maana anaamini kwamba Kiingereza kinasimama badala ya lugha ya visiwani. Hata hivyo vitabu havisemi ni kwa nini kijiji kimoja kifasiriwe na cha jirani kisifasiriwe.

Pili, ramani ya vitabu vitatu vya kwanza ni ramani ya wanaume. Chuo cha Roke hakiingizi wanawake, na uganga wao unadharauliwa hata katika methali za visiwani. Le Guin aliliona kosa hili akalirudia. Katika Tehanu anakirudia kisiwa cha Gont kupitia macho ya mwanamke mkulima, na katika Tales from Earthsea anaonyesha kwamba wanawake walishiriki kukianzisha chuo hicho hicho kilichokuja kuwafungia mlango. Ni nadra mwandishi kuihakiki jiografia yake mwenyewe kwa uaminifu wa namna hiyo.

Tatu, ipo habari ya rangi, ambayo si kasoro ya vitabu bali ya waliovipokea. Watu wa visiwa vingi vya Earthsea ni weusi au wa rangi ya shaba. Ged ni wekundu wa kahawia, na rafiki yake Vetch wa kisiwa cha Iffish ni mweusi. Weupe ni Wakarg. Filamu ya televisheni iliyotengenezwa Marekani mwaka 2004 iliwageuza wengi wao kuwa Wazungu, na mwandishi akapinga hadharani kwa maandishi. Majina yote ya visiwa yalibakizwa, lakini wenyewe wa visiwa waliondolewa. Huu ni ushahidi mwingine kwamba jina peke yake halitoshi.

Kazi ya mfasiri

Tuseme sasa tunampa mwanafunzi wa tafsiri kurasa kumi za kitabu hiki. Atafanyaje na majina? Earthsea yenyewe inamsumbua tangu jalada. Akisema Bara-Bahari amekosea, kwa kuwa dunia hii haina bara. Ardhibahari inanuka ofisi ya upimaji. Mimi ningependekeza Nchibahari, kwa sababu neno nchi kwetu limebeba yote mawili, nchi kavu na nchi ya watu.

Zile pembe nne za mbali, ambazo kwa Kiingereza huitwa Reach, zisiitwe mipaka, kwani hazina ukuta. Upeo ni neno bora: Upeo wa Mashariki, Upeo wa Magharibi. Linataja mwisho wa jicho na mwisho wa uwezo kwa pamoja. Na katika pande mbili nyingine Kiswahili kinazidi asili. Kaskazini imetokana na kaskazi, kusini imetokana na kusi. Dira yetu ni ya pepo za baharini. Katika kitabu ambacho waganga husafiri kwa kuita upepo, hili si jambo dogo.

Ten Alders ifasiriwe, kwani lugha yetu imezoea kuvipa vijiji majina ya miti: Mikindani, Mikocheni, Mwembe Tayari. Mti wenyewe si mgeni tena, kwani jamii yake hupandwa kwenye matuta ya Kabale na milima ya Rwanda. Ngeli nazo zinatupa zawadi: Mgonti, Wagonti, Kigonti. Ama Roke, Gont, Havnor na Iffish, hayo yaachwe kama yalivyo. Mfasiri atakayeyatafutia maana atakuwa ameliita povu unyoya.

Hitimisho

Sikusudii kusema kwamba Kusadikika na Walenisi ni kazi duni. Waandishi wake walikusudia jina liseme, na walifanikiwa. Ninachosema ni kwamba hiyo ni njia moja ya kuita mahali, na sisi tumeifanya kuwa sheria. Matokeo yake ni mitihani yenye majibu ya kubuni, na wanafunzi wanaoamini kwamba jina lisilofasirika ni jina tupu. Imani hiyo ni mbaya zaidi inapotoka darasani na kwenda kwenye ramani, kwa sababu majina mengi ya mababu zetu hayafasiriki tena, ilhali yale ya wageni yana tarehe na sahihi.

Ningeshauri swali la mtihani libadilike. Badala ya kuuliza "Eleza maana ya jina la mahali", tuulize: nani analitumia jina hili, nani amekatazwa kulitumia, na nini kingepotea kama lingebadilishwa? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo matatu juu ya Atuan ataweza kuyajibu juu ya Kusadikika. Na akimaliza, na ayajibu juu ya kijiji chake mwenyewe.